Mkaja wa Loveth Apokee Nani?

Mpendwa Bi Mwanasha,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla mambo hayajaharibika kabisa, na kama nimekosea nikaripie tu, maana hapa Mikumi kila ninayemweleza ananiunga mkono na bado usingizi siupati.

Mimi ni mama wa makamo, nina mume na watoto, nina mgahawa kando ya barabara kuu ya Iringa na nyuma yake gesti ndogo wanapolala madereva wa malori ya Zambia, na tangu nipate akili zangu sijawahi kuwa mchoyo. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ni kwa sababu ndilo neno nililotupiwa majuzi na ndilo linaloniuma. Mtu akija kwangu na njaa anakula, dereva akiharibikiwa na gari analala na tutaonana siku atakayopita tena, na kwenye jumuiya yetu ya kanisa mchango ukiitishwa wa kwanza kusimama ni mimi. Hata padre aliyekuwepo zamani alinitaja kwenye mahubiri kuwa mfano wa mtu asiye na ubinafsi, kwa jambo hili hili ninalokuandikia.

Jambo lenyewe ni kwamba nilimtoa mwanangu wa kwanza nikampa dada yangu.

Dada Bibiana ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, aliolewa Kidete, mumewe alikuwa fundi njia wa reli, na Mungu hakuwajalia mtoto. Mimi na mume wangu Cornel tulikuwa tukiishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge nje ya Kilosa, ambako babu zetu waliletwa kukata mkonge wakabaki. Loveth alipokuwa bado ananyonya shamba likasimama, mshahara ukawa hadithi, nami nilikuwa nimeshashika mimba ya Ditram, maziwa yakakatika, na ilikuwa ile miaka ya foleni, unapanga mstari kutwa unarudi na kipande cha sabuni, mtoto akaanza kuvimba miguu na nywele zikawa nyekundu, manesi wakasema ni kwashakoo na majirani wakanong'ona kwamba nimembemenda kwa kushika mimba angali ziwani. Dada akaja kwa treni kututembelea, akamwona, akasema nipe huyu nikakae naye, nikampa. Sikulia, sikudai chochote, nilimfunga mgongoni mwake kwa khanga yangu mwenyewe wakaondoka. Ni wanawake wangapi wanaoweza hivyo, mtoto wa kwanza, ili tu dada yake naye aitwe mama?

Na ameitwa. Kidete yote wanamwita Mama Loveth. Mimi niliyemzaa naitwa Mama Ditram, na Loveth mwenyewe, ambaye hatukumficha chochote tangu utoto wake, ananiita mama mdogo kwa heshima zote, shikamoo mama mdogo, nami nimeitikia marahaba miaka yote hiyo bila kununa.

Cornel alipopunguzwa kazini tukahamia huku Mikumi, na kwa vile mikono yangu ilikuwa miepesi, Ditram akishikwa na mama mkwe, nikaanza na maandazi na chai ya rangi, kisha ilipokuja ruksa kila mtu afanye biashara yake nikaongeza ugali na nyama, halafu vyumba, mpaka hapa nilipo. Sikumsahau Loveth. Kila Krismasi nilimtumia gauni na viatu, na mitumba ilipoingia nikawa natuma furushi zima, dada hajawahi kunishukuru ipasavyo, anasema tu vimefika. Mwaka mto Mkondoa ulipofurika ukabeba mahindi yao nilimwambia Loveth aje asome huku kwangu kwa kuwa mimi nina uwezo, dada akajibu kwamba mtoto ameshaizoea shule yake na wao wanakula wanachopata. Nikaacha, maana aliyetoa hadai.

Loveth alipomaliza kujifunza cherehani pale Kilosa alikuja kunishonea mashuka na mapazia ya gesti, na hapo ndipo alipoonana na Lupakisyo, kijana wa Kinyakyusa, fundi wa malori, mpole, hanywi. Tukafurahi wote. Posa ikaletwa kwangu, kwa sababu nyumba yangu ina sebule na wakwe wanatoka mbali, Tukuyu, na Kidete mpaka ukadandie treni. Mume wa dada ni marehemu, kwa hiyo kiti cha baba atakaa Cornel na hilo halikubishaniwa na mtu.

Tatizo lilianza na mshenga, mzee Lukasi. Alikuja kuniuliza kwamba mahari wameelewa, kilemba cha baba wameelewa, lakini mkaja na mbeleko ambavyo ni vya mama wamkabidhi nani, maana wakwe mila za huku hawazijui na wamesikia mama ni wawili. Bi Mwanasha, nilifikiri pale pale nikatoa jibu ambalo kila aliyelisikia amelisifu. Nikasema mkaja ni nguo ya kumfunga mzazi tumbo akishajifungua, tumbo lililofungwa ni langu, basi mkaja ni wangu. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, mgongo uliombeba ni wa dada, basi mbeleko mpeni dada. Kila mmoja apokee haki yake mbele ya watu na asiwepo wa kulalamika. Cornel alisema hata hakimu asingegawa vizuri zaidi. Mzee Lukasi akapeleka habari Kidete.

Jibu lililorudi ni kwamba dada hatakuja kwenye shughuli. Nilimtuma Ditram akaulize kulikoni, kwa kuwa mgahawa siwezi kuuacha, na dada akamwambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyaleta: "Mwambie mama yako mbeleko hupewa mama. Akipewa mtu mwingine, huo ni ujira wa yaya. Achukue mkaja, achukue na mbeleko, mimi nina mahindi yangu ya kupalilia." Akaongeza kwamba mimi tangu utoto ni mchoyo wa sifa. Mimi, ambaye watu wanakula kwangu bure.

Nilidhani Loveth ataniunga mkono, maana damu ni damu. Alikuwa kwenye cherehani anapinda shuka, hakulia wala hakugomba, alimaliza pindo lake kwanza. Kisha akasema, "Mama mdogo, mimi nitakuja na nitakaa walikonipangia. Ila Mama asipokuwepo kwenye mkeka, wakiniuliza kama wapokee, nitanyamaza."

Unajua mwenyewe maana yake. Binti akiulizwa mbele ya wakwe kama wazazi wake wapokee mahari akakaa kimya, hakuna mkono utakaogusa kitu. Wageni watafunga mizigo yao warudi Tukuyu, kijana wa watu atapotea, na aibu itabaki sebuleni kwangu. Wakwe wanafika mara baada ya mavuno na mbuzi nimeshawaagiza kwa Wamasai.

Sasa nisaidie. Nimekaa maisha yote bila kudai, kudai mara moja, tena khanga moja, ndiyo kuwa mbinafsi? Na nikiachia vyote nitakuwa nilizaa kwa ajili gani? Wapo wanaonishauri nifanye shughuli bila dada, eti Loveth akiona wageni ataona haya atasema ndiyo. Wengine wananiambia niachie tu, kwa vile nimezoea kutoa, nitoe na hili. Mimi si mtu mbaya, Bi Mwanasha. Nielekeze njia.

Mama Ditram,
Mikumi.

BI MWANASHA ANAJIBU

Mama Ditram, marahaba. Umesema nikukaripie, basi usije ukanuna.

Nianze na haki yako, maana unayo. Tumbo lilikuwa lako na uchungu ulikuwa wako, na kuitikia marahaba kwa mtoto uliyemzaa mwenyewe anapokuita mama mdogo kunataka kifua. Asikudanganye mtu kwamba kutamani kukaa kama mama siku ya mwanao ni dhambi. Ningekushangaa kama usingetamani.

Lakini hukuniuliza kuhusu kutamani. Umeniuliza kama wewe ni mbinafsi, na ushahidi ulioniletea ni wa ugali uliowapakulia watu. Mchoyo ni yule anayefunika chungu akisikia hodi. Wewe si huyo, na madereva wa Zambia ni mashahidi wako. Mbinafsi ni mtu mwingine kabisa. Mbinafsi anaweza kupakua chungu chote hadi ukoko, mradi upawa abaki nao yeye, na kila anayekula ajue ni nani aliyempakulia. Watu wa namna hii wana faida sana mtaani na makanisani, michango haikamiliki bila wao, ndiyo maana hakuna anayewaambia. Dada yako alipokuita mchoyo wa sifa alikuwa na hasira, ila hakuwa mbali.

Sasa tuisome barua yako pamoja, taratibu. Umeandika kwamba ulimtoa Loveth ili dada yako naye aitwe mama. Mistari michache kabla ya hapo umeandika, kwa mkono huo huo, kwamba shamba lilikuwa limesimama, maziwa yamekatika, mimba nyingine ipo, na mtoto amevimba miguu. Mama Ditram, huyo si mtoto aliyetolewa zawadi. Huyo ni mtoto aliyeokolewa. Dada yako hakupanda treni kuja kuomba mtoto, alikuja kuwasalimu, akamkuta katika hali ile, akaondoka naye. Sisemi ulikosea kumpa. Mama asiye na uji akimwachia mwenye uji amefanya jambo la akili kuliko yote, na wapo waliojivuna wakazika. Ninachosema ni kwamba mtoaji siku ile hakuwa wewe. Ulikuwa mpokeaji. Ukaigeuza hadithi nyuma mbele, ukaisimulia hivyo hivyo miaka nenda rudi, mpaka padre wa watu naye akaihubiri.

Nani alimlisha uji yule mtoto kijiko kwa kijiko mpaka nywele zikarudi kuwa nyeusi? Nani alimbeba kwenda zahanati? Alipona lini? Barua yako ni ndefu na hayo hayamo, na nadhani huyajui kwa sababu hukuwahi kuuliza. Unachojua ni kwamba mikono yako ilikuwa miepesi. Ndivyo ulivyoandika, na hujajiuliza iliyolemewa na mzigo ule ilikuwa ya nani. Kwa mikono hiyo miepesi ulikanda maandazi, maandazi yakazaa mgahawa, mgahawa ukazaa vyumba. Gesti yako iko Mikumi lakini msingi wake uko Kidete, na aliyeuchimba hajawahi kulala humo hata siku moja.

Halafu unalalamika kwamba nguo za Krismasi hazikushukuriwa ipasavyo. Tuliache hilo, maana nikilifuata tutagombana.

Tuje kwenye mgao wako. Ni hodari, nakubali, na Cornel ana haki ya kumsifia mke wake. Lakini mtazame aliyekuwa anagawa. Hukumuuliza dada, hukumuuliza Loveth, ulikaa sebuleni kwako na mshenga ukapakua kama unavyopakulia wateja. Na ulichompakulia dada yako mbele ya wakwe ni haya maneno: mama ni mimi, huyu alinibebea. Angekuja siku hiyo, angeinuka aipokee khanga yake, na kuanzia hapo watu wote wangejua kwamba Mama Loveth wa Kidete kumbe alikuwa mlezi wa kuajiriwa ambaye malipo yake yalichelewa. Yeye aliliona hilo kabla hata mshenga hajamaliza kusema. Ndiyo maana amechagua mahindi. Hata mimi ningepalilia.

Loveth hana kosa, na nakuomba usimnunie. Hakutishia kutoroka, hakukutukana, amekuambia mapema atakachofanya ili usije ukaumbuka mbele ya wageni. Hiyo ni adabu, na unajua ilikotoka. Hao wanaokushauri ufanye shughuli bila dada, kwamba binti ataona haya aseme ndiyo, waambie wakale mbuzi wao kwingine. Mtoto aliyerudishwa uhai kwa mkono wa mwanamke mmoja hatamkana kwa sababu wageni wametoka mbali.

Ila wale wa pili, wanaokuambia umezoea kutoa, toa na hili, hao ndio wabaya zaidi, kwa sababu ushauri wao utakupendeza. Ukiuachia mkaja kama zawadi yako nyingine, dada yako atakuwa amepewa kwa fadhila kitu ambacho ni chake, na fadhila ya aina hiyo hugeuka masimango kabla sufuria za shughuli hazijaoshwa. Utasifiwa tena kanisani. Hujaachia kitu hapo, umehamisha tu upawa kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Fanya hivi. Mgahawa mwachie Ditram, ni mtu mzima, ugali hautaungua. Panda basi mpaka Kilosa, panda treni, nenda Kidete wewe mwenyewe. Usibebe furushi, wala sukari, wala khanga. Najua kufika mikono mitupu kutakutesa kuliko safari, na ndiyo sababu nakuagiza hivyo: kutoa unakujua sana, hujui kuwa na haja na mtu. Mwamkie dada yako, mkae, umuulize jinsi mtoto alivyopona. Usikilize mpaka mwisho bila kueleza upande wako. Kisha umwombe. Mwombe aje akae kwenye mkeka kama mama, apokee mkaja na mbeleko, vyote viwili kwa mkono mmoja. Na kama moyo wake utapenda, akuruhusu wewe ukae ubavuni kwake. Akikukatalia, rudi nyumbani, halafu uende tena. Yeye alishasafiri kwa ajili yako.

Muulize pia shughuli ifanyike wapi. Wanaotoka Tukuyu wameshazoea safari, kupanda treni hakutawaua, na sebule haimfanyi mtu mama. Akisema Mikumi, iwe Mikumi. Akisema Kidete, peleka mbuzi wako Kidete. Mshenga umweleze kwa mdomo wako mwenyewe kwamba jibu lile la kwanza umelifuta, usimtume mtu akufutie.

Umeniuliza ukiachia vyote utakuwa ulizaa kwa ajili gani. Ulimzaa Loveth. Yu hai, ana ufundi mkononi, anaolewa na kijana asiyekunywa, na anampenda aliyemlea kiasi cha kuhatarisha ndoa yake. Wapo waliozaa wakapata pungufu ya hapo.

Siku yenyewe watakuja watu kukupa hongera kwa moyo wako wa kuachia. Usitabasamu ukanyamaza. Wajibu kwa sauti ya kusikika mpaka alipokaa dada yako: "Dada alinilelea mwanangu nilipokuwa siwezi." Nimeirudia barua yako nikiyatafuta maneno hayo, Mama Ditram. Hayamo.